Jina la Mihayo katika Ukurasa wa Thelathini na Moja

Shinyanga
12 Machi 1955

Mpendwa Mjomba Mabula,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama Mageni, na kwamba kifua chako kimeacha kukusumbua. Mama, dada yako, hajambo. Mtama wake umestawi na anakusalimu. Mimi ni mzima wa mwili.

Kuna swali ambalo nimeshindana nalo tangu nilipokuwa Makerere, na ambalo nilidhani masomo yangelimaliza. Mtu aliyeandika kitu kwa mkono wake, anapokosolewa, atajuaje kama kinachomuuma ni ukweli wa neno lililosemwa au ni kiburi chake kilichoguswa? Vyote viwili huuma mahali pamoja, na sina chombo cha kuvitenganisha.

Mwaka jana niliiandikia kamati ya vitabu kijitabu cha kurasa thelathini na nane, kwa ajili ya madarasa ya kina mama wanaojifunza kusoma. Ni hadithi ya mke wa mchimbaji dhahabu. Kilichapishwa Januari. Wiki iliyopita nililetewa maoni ya msomaji wa kamati, kurasa nne zilizopigwa taipu, bila jina la mwenyewe. Nakunakilia sehemu mbili tu. "Kiswahili cha mwandishi kimenyooka kama shati lililopigwa pasi ambalo hakuna aliyewahi kulivaa." Na mbele kidogo: "Anawajua watu wake kama abiria anavyowajua watu wa kando ya barabara."

Nilisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Kwa siku tatu sikuweza kusahihisha hata madaftari ya wanafunzi, kwa kuwa kila nilipotia alama nyekundu nilijiuliza mimi ni nani wa kuitia. Kamati inataka kitabu cha pili kabla ya Novemba. Nimeandika barua ya kukataa. Ipo mezani, sijaibandika stempu.

Wewe ni manju, kiongozi wa ngoma. Kila baada ya mavuno husimama uwanjani, ukatukanwa kwa nyimbo mbele ya umati, wewe na kundi lako, na mwaka unaofuata unarudi. Sijapata kukuuliza unawezaje. Nauliza sasa kwa sababu nimekwama.

Mpwa wako,
Bernadina


Kambini, njia ya Runzewe
3 Aprili 1955

Mpwa wangu Bernadina,

Marahaba, mama. Wangaluka. Sisi huku mhola, hatuna neno. Kifua kimetulia, nadhani kimechoka kunisumbua bure. Mama Mageni anasema umekonda, ameona kwenye mwandiko.

Sasa sikiliza. Wiki moja kabla ya kukutana na wapinzani wetu Wagalu uwanjani, sisi kundi la Wagika tunakaa nyuma ya nyumba yangu tunajitukana. Kila mtu anatunga wimbo wa kututukana sisi wenyewe, kama vile yeye ndiye adui. Ubaya wetu tunaujua kuliko wao. Mwaka juzi Mihayo, mchimbaji mwenzangu, alinitungia mimi: Manju Mabula anaimba kama fisi aliyekanyagwa mkia, mkewe anaziba masikio kwa ugali. Mama Mageni alicheka mpaka akamwaga ndoo. Mimi nilinuna siku mbili. Ya tatu nikaona kweli sauti ya juu sina tena, umri umekwenda nayo. Nikampa Mihayo sehemu ya juu, nikabaki na ya chini. Habari ya fisi nikaitupa.

Ndiyo kazi yenyewe. Tusi unaliimba lote, mpaka mdomo umelizoea. Halafu unatafuta mstari wenye nyama. Huo unaula. Mifupa unatupa, hata kama aliyekutupia ni mkubwa. Siku ya ngoma Wagalu wakituimba, watu wanatukodolea macho waone tukianguka, nasi tunaitikia kibwagizo chao. Hapo watu wanahamia kwetu. Ngoma zetu hazina hakimu wa kuandika, unajua. Ni miguu ya watu tu. Waliosimama upande wako wakiwa wengi, umeshinda.

Maneno ya shati nimewasomea wenzangu. Mihayo ameshayatia wimbo, anaimba akinyoosha mabega kama karani. Anasema yule msomaji si mtu mbaya, amekosa kucheza ngoma tu. Anakusalimu.

Stempu usibandike. Na hicho kitabu tuletee, au tunasikia habari zake kwa maadui peke yao? Paskazia, mke wa Mihayo, siku hizi anasoma, amemaliza darasa la katekista, na hana cha kusoma. Anasoma magunia ya chumvi.

Mjomba wako,
Mabula


Shinyanga
1 Mei 1955

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama Mageni. Mwambie sijakonda, kalamu ndiyo iliyokuwa nyembamba.

Nilifanya ulivyosema. Nilifunga mlango wa chumba changu nikayasoma maoni yale kwa sauti, siku nne mfululizo, mpaka mwalimu mwenzangu akauliza kama ninafunga na kusali. Siku ya kwanza sikufika ukurasa wa pili. Siku ya nne niliweza kuyasikia kama maneno ya mtu, si kama kofi. Katika kurasa nne nilipata mistari mitatu yenye nyama. Watu wangu husema sentensi kamili hata wakiwa na hasira. Hakuna anayemkatiza mwenziwe. Na katika kitabu kizima cha nyumbani hakuna mtu anayekula. Mengine nimeweza kuyaacha, ila lile la abiria nimeshindwa kuamua kama ni nyama au ni mfupa. Huenda nimelipita kwa haraka kuliko nilivyopaswa.

Barua ya kukataa nimeichana. Nimeanza kitabu cha pili.

Gregory, dereva wa lori la pamba, atakuletea nakala sita. Mwambie Mihayo kuna zawadi yake ndani. Nilipokuja kwenu likizo ya mwaka 1953, yeye ndiye aliyenipokea mizigo, akanionyesha mipapai aliyoipanda kwenye madebe, akasema wakimhamisha kambi atahama na bustani yake. Sikumsahau. Usimweleze zaidi, aache agundue mwenyewe.

Mpwa wako,
Bernadina


Kambini, njia ya Runzewe
19 Juni 1955

Bernadina,

Salamu leo nazifupisha. Tu wazima wote. Lishike neno hilo, wote, na Mihayo yumo.

Vitabu vilifika. Jumapili iliyopita baada ya sala tulikaa uani kwangu, watu kama ishirini, Paskazia akatusomea. Ilipofika mipapai ya kwenye madebe, watu walipiga kelele: "Mihayo, ni wewe huyo, umepigwa chapa." Akasimama, akatembea kama mtemi, akataka tumwamkie upya mmoja mmoja. Selestine, yule kijana mpole tunayeshuka naye, alimwamkia kwa magoti. Tulicheka sana. Nilijivuna, nakwambia kweli. Nilisema, huyu ni mtoto wa dada yangu.

Paskazia anasoma kwa kidole, neno moja, tena neno moja. Mbele haoni. Akafika ukurasa wa thelathini na moja. Akasoma: jiwe, likamwangukia, Mihayo. Akarudia, maana alidhani amekosea. Halafu: mkewe, akamlilia, mbele ya watu. Hapo Mama Mageni alimnyang'anya kitabu, lakini lilikuwa limeshasemwa, na kwa mdomo wa mkewe mwenyewe.

Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Umesoma mpaka Uganda, mwanangu, lakini umelelewa na dada yangu. Kwetu mke wa mchimbaji hamlilii mume anayetembea, ni kumwitia jiwe. Hata kwa mchezo. Hata machozi ya kitunguu. Mama Mageni akikata vitunguu anaupa mlango mgongo, anapangusa uso, ndipo anageuka. Ulikaa nyumbani kwangu wiki tatu. Ulimwona.

Paskazia alikitia kitabu kwenye moto wa jikoni. Vitano vilivyobaki nimevifunga kwenye gunia. Mihayo hajashuka shimoni tangu Jumanne. Anasema si woga, ni mgongo. Na Wagalu wamekwisha kupata habari, wanaimba: Wagika wanacheza na maiti, mwalimu amemzika, nani amemfukua?

Safari hii mstari wenye nyama siujui. Niandikie ulikuwa unafikiri nini.

Mabula


Shinyanga
2 Julai 1955

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama nina haki ya kuuliza hali zenu, lakini nauliza. Hali ya Mihayo ikoje? Ya Paskazia?

Barua yako niliifungua mbele ya darasa, nikidhani ni habari njema. Wanafunzi waliniuliza kama kuna msiba. Nilijibu hapana.

Uliniuliza nilikuwa nafikiri nini. Nitajibu kwa mpangilio, ingawa nashuku kwamba mpangilio wenyewe ni namna ya kujificha. Nilihitaji mtu ambaye msomaji angempenda upesi, ili kifo chake kimguse. Nilipomtafuta wa kupendwa, nilimwona Mihayo. Nilidhani kumpa mtu jina lake kitabuni ni heshima. Akilini mwangu yule wa kitabuni na yule wa madebe walikuwa wawili. Nilifundishwa kuwatenganisha, na nilikuwa hodari wa kuwatenganisha; nilipata alama za juu kwa hilo.

Ningeweza kusema kitabu hakiangushi jiwe. Ni kweli, na ningelisema mbele ya mtu yeyote. Lakini Mihayo hashuki, na hilo pia ni kweli, na limefanywa na kitabu.

Kuhusu vitunguu, ndiyo, nilimwona Mama Mageni. Kwa wiki tatu nilimwona akiupa mlango mgongo, nikadhani anakwepa upepo. Sikuuliza. Msomaji yule wa kamati, ambaye hajui kambi yenu wala hajui kwamba Mihayo ni mtu aliye hai, aliliona kosa hili kabla yangu. Aliliona katika sentensi. Nashindwa kumchukia, na nashindwa kumshukuru.

Nimeiandikia kamati iache kukisambaza kitabu. Cha pili nimekisimamisha. Niambie nimfanyie nini Mihayo. Naweza kumwandikia barua ya kuomba radhi, iwe ndefu kadiri itakavyohitajika.

Mpwa wako,
Bernadina


Kambini, njia ya Runzewe
14 Agosti 1955

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimekawia kujibu, nilikuwa na hasira, na ngoma zilikuwa zimeanza. Vyote viwili vinanichukulia muda. Sasa hatujambo.

Barua ndefu usimwandikie. Atasomewa na nani? Na Paskazia? Njoo mwenyewe ukae uani waseme. Wakikutukana, nyamaza.

Nyapara amempa Mihayo kazi ya juu, anachonga nguzo za kushikilia mwamba. Nafasi yake kule chini ameshika Selestine. Ana mke anaitwa Generosa, wametoka Runzewe mwaka jana tu, wana mtoto mmoja anayejifunza kusimama. Selestine alifurahi, nafasi ile ina hewa nzuri kuliko aliyokuwa nayo.

Nikupe habari ya ngoma. Jumamosi iliyopita Wagalu walikuja na wimbo wao wa maiti, wameupamba, wamemfunga mtu sanda anarukaruka. Watu wote wakakimbilia kwao. Kwetu walibaki wake zetu na mbwa wawili. Mihayo alikuwa amekaa nyuma, hakuwa amekuja kucheza. Mara nikaona ananipita, anakwenda katikati ya uwanja, anaimba ule ule wimbo wao, kwa ile sauti ya juu: Ndiyo, mimi ni marehemu, nimefufuka kwa sababu Wagalu wanaimba vibaya, kaburini silali. Akamwendea yule mwenye sanda akamwambia, "Ndugu yangu, wewe umekufa lini? Mbona sikukuona kule?" Bernadina, watu walihama wote. Hata yule wa sanda alihama.

Kwa hiyo Mihayo anacheka tena. Paskazia bado, na kushuka bado. Lakini njia imefunguka. Njoo mwezi huu.

Mjomba wako,
Mabula


Shinyanga
28 Agosti 1955

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, nimecheka peke yangu, na baada ya kucheka nimeona aibu kwamba Mihayo ameweza kwa dakika chache jambo ambalo mimi limenishinda kwa miezi mitano.

Mwezi huu sitaweza kuja. Tunakaguliwa shuleni. Hiyo ndiyo sababu ninayoweza kumwambia mtu yeyote. Wewe nakuambia pia ile nyingine: naogopa Paskazia atanyamaza. Maneno nimejifunza kuyastahimili, ukimya sijajifunza.

Nitakuja likizo ya katikati ya Septemba. Nimelifungua tena daftari la kitabu cha pili. Sina hakika kama ni ujasiri au ni usahaulifu.

Mpwa wako,
Bernadina


Kambini, njia ya Runzewe
11 Septemba 1955

Bernadina,

Alhamisi saa tatu asubuhi mwamba uliporomoka. Selestine amefariki. Tulimzika jana. Mimi sikuwa karibu, sikuumia.

Alikuwa amesimama mahali pa Mihayo. Pale pale. Mihayo alitusaidia kumtoa.

Sijui nikwambie vipi yanayotokea hapa. Jana jioni, mchanga wa kaburi haujakauka, Paskazia alikuja kwangu. Akasema, "Baba Mageni, naomba kile kitabu." Nikamwambia ulikichoma. Akasema, "Nilichoma kimoja, viko vitano." Alipiga magoti, Bernadina. Anasema kitabu kilimtoa mumewe shimoni, jiwe likakuta hayupo. Nimempa. Amekifunga kwenye kitambaa, amekiweka sandukuni na nguo ya ubatizo ya mtoto wake.

Leo baada ya sala wamekuja wengine. Vinne vilivyobaki vimekwisha. Waliokosa wanauliza lori la Gregory linapita lini. Na kina mama watatu wamenipa karatasi, wameandika wenyewe, herufi kubwa kubwa. Nilidhani ni salamu. Ni majina ya waume zao. Wanaomba mwalimu awaandike katika kitabu kijacho, wafe.

Ni kitabu kile kile. Mwezi wa sita walitaka kunihamisha kambi kwa ajili yake. Herufi hata moja haijabadilika.

Generosa hajalia mbele ya watu. Jana alingoja mpaka Paskazia alipoondoka na kitabu, akaja mlangoni, mtoto mgongoni, akaniuliza jambo moja. Akasema, "Mwalimu alimwona mume wangu? Alikuwa hamjui? Mbona hakumwandika?"

Nikamwambia nitakuuliza.

Njoo. Au usije, sijui tena.

Mabula


Shinyanga
6 Novemba 1955

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na kwa Mama Mageni pia. Nilifika salama kutoka kwenu, lori la Gregory liliharibika mara moja tu. Mama ameguswa sana na habari za Selestine na anamtaja katika sala zake. Mvua imeanza. Kifua chako ukifunike.

Nilipotoka nyumbani kwa Generosa siku ile ya mwisho uliniuliza amesema nini, nami sikukujibu. Nimehitaji wiki sita kujua nilichokiona, na hata sasa nitaeleza tukio tu. Maana yake siiwezi.

Nianze na lililo jepesi. Kamati imeniandikia kwamba haitakisimamisha kitabu, kwa kuwa maombi kutoka ukanda wa dhahabu yamezidi ya mahali pengine popote, na wanakusudia kukichapa tena. Msomaji wao ameongeza mistari miwili kwa kalamu: "Naona nilimhukumu mwandishi kwa haraka. Kitabu kimewafikia wasomaji wake." Nimekaa na karatasi hiyo mkononi muda mrefu. Miezi minane iliyopita ningetoa chochote ili kuipata. Sasa najua kwamba sifa hii haikutoka katika sentensi yangu hata moja. Imetoka katika jiwe. Alikuwa na haki mara ya kwanza, na safari hii ya kusifu ndipo amekosea.

Jina la Mihayo nimeliondoa katika chapa mpya. Najua hamtaipenda habari hiyo. Mihayo mwenyewe aliniambia, "Liache, Mwalimu, nimeshazoea kuwa marehemu, ukiniondoa sasa nitaanza kuogopa upya." Paskazia alinishika mikono miwili akinisihi. Lakini likibaki, karatasi za majina zitaongezeka, na siku moja mwanamume atashuka bila kuangalia nguzo kwa sababu mkewe ana kitabu sandukuni. Hivyo ndivyo nilivyoona. Inawezekana pia kwamba nimeliondoa ili nisilione. Zile karatasi tatu niliwarudishia wenyewe mikononi, na mmoja aliniita mwalimu mwenye roho mbaya. Nilinyamaza, kama ulivyoniagiza.

Sasa Generosa. Nilimjibu swali lake siku ya kwanza: kwamba sikumwandika mumewe kwa sababu sikumjua, na kwamba niliowajua niliwajua vibaya. Alinitazama, akasema, "Basi mwandike sasa. Huyo mwingine alikuwa hai ukamwandika amekufa. Huyu mwandike hai."

Nilidhani ni ombi la kufariji, nikaandika ukurasa mmoja kwa haraka, wa kufariji. Nikamsomea kesho yake. Hajui kusoma, lakini alinisimamisha katika sentensi ya pili. "Hapana. Hakuwa anashukuru chakula. Alikuwa anakula amenyamaza, halafu anauliza kama kipo kingine." Nikafuta. Nikasoma tena. "Hapana. Hakuniita mke wangu. Aliniita wewe." Nikafuta. "Mtoto hakuwa anambeba, alikuwa anaogopa kumwangusha. Alikuwa analala chini ili mtoto ampande." Siku tano, Mjomba. Mara tisa niliandika ukurasa ule. Mara nyingine alinicheka: "Huyo sasa ni padri, mwalimu, mimi niliolewa na mchimbaji." Mara moja alikasirika akaniambia nimemfanya mjinga. Na katika siku hizo tano sikuona aibu hata kidogo, wala sikujiuliza kama nafaa kuandika. Hapakuwa na nafasi ya kujiuliza. Kila alichosema kilikuwa juu ya ukurasa ule, na kila alichosema kilikuwa kweli, na nilikuwa na kazi ya kufanya. Kama kuna jibu la swali nililokuuliza mwezi wa Machi, nadhani nilikuwa ndani yake siku zile bila kujua.

Siku ya mwisho nilisoma ule wa tisa. Selestine ameingia ndani, ameinama kwa kuwa mlango ni mfupi, ameuliza, "Wewe, kipo kingine?" Generosa hakunisimamisha. Nikaendelea. Amelala chini, mtoto amempanda kifuani, amejifanya amesinzia. Generosa alikuwa akikata vitunguu. Aliweka kisu chini. Akasema, "Ndiye." Kisha, kabla sijageuza ukurasa, akanyoosha mkono akafunika karatasi kwa kiganja, akasema, "Basi, usisome tena." Machozi yalikuwa yakimtoka, uso ukiwa umeelekea mlangoni, wala hakuyapangusa. Nilisubiri. Nikachukua karatasi zangu nikatoka, ndipo nikakukuta wewe.

Sijui alinisimamisha kwa sababu gani. Inawezekana ukurasa ule ulikuwa sahihi, na usahihi wake ulizidi nguvu zake. Inawezekana palikuwa na kosa katika mstari uliofuata, akaliona likija, akataka kubaki na yule aliyekwisha kumpata. Inawezekana pia kwamba alitambua mtu hawezi kuandikwa akarudi, na mimi ndiye niliyemfanya atumaini. Hukumu tatu hizo ni tofauti kabisa, na kitabu cha pili kinategemea moja ya hizo. Ukurasa ninao mezani. Kamati inangoja.

Kuna mtu mmoja tu anayeweza kuniambia, na yeye siwezi kumuuliza. Nikimuuliza nitakuwa nimekwenda kwa mjane kutaka maksi za kazi yangu. Kwa hiyo sijui kama ukurasa ule ni mzuri. Kitabu ninakiandika hivyo hivyo.

Mpwa wako,
Bernadina